Kirusi cha nyumbani na mpangilio wa maneno: kwa nini binti husema kila kitu kwa mtindo mmoja

SWALI. Msomaji Mtanzania anayeishi Hamburg ameoa Mrusi. Binti yao ana miaka 9, mdogo wake wa kiume ana miaka 4. Mama huzungumza na watoto Kirusi, baba Kiswahili, na shuleni ni Kijerumani. Binti anaongea Kirusi bila kusita, ila bibi yake hulalamika kwenye simu kwamba anaongea "kama anasoma orodha". Juzi aliposomewa sentensi Koshku dogonyaet sobaka alionyesha picha ya paka anayemfukuza mbwa. Baba, aliyepitia podfak (kitivo cha maandalizi ya lugha) kule Voronezh kabla ya kuanza chuo, anauliza: Kijerumani ndicho kinachoharibu? Amtolee mtoto majedwali yake ya padezhi (maumbo ya nomino ya Kirusi, ambayo mwisho wake hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi)? Na Kiswahili kinamwongezea mzigo?

JIBU. Ndugu, nianze na ile picha, maana mengine yote yanatoka hapo.

Koshku dogonyaet sobaka ni sentensi ya kawaida kabisa: paka anafukuzwa na mbwa. Anayefukuza ni sobaka, nomino iliyobaki na umbo lake la msingi. Anayefukuzwa ametambulishwa kwa vokali moja tu: koshka imegeuka koshku. Binti yako alisikia nomino ya kwanza akaifanya mtenda. Hakukosa msamiati, wala hakuzembea. Alitumia kanuni ambayo katika maongezi ya nyumbani humpa jibu sahihi karibu kila mara, kwamba anayetajwa kwanza ndiye anayetenda. Kirusi kinadai kinyume chake: sikiliza kwanza nomino imeishia na nini, nafasi yake utaiangalia baadaye.

Lalamiko la bibi ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Asiyeiamini miisho anaposikia hawezi kuitegemea anaposema, kwa hiyo hung'ang'ania mpangilio ulio salama: mtenda, kitenzi, mtendwa. Kila sentensi ukiitazama peke yake ni sahihi. Zikifuatana kumi ndipo sikio la bibi linachoka, kwa sababu hakuna inayoitikia ile iliyoitangulia.

Podfak bila shaka walikuambia kwamba mpangilio wa maneno ya Kirusi ni huru. Kauli hiyo humfaa mgeni kwa wiki mbili za mwanzo, kisha inaanza kumpotosha. Ni kweli kwamba malchik, prinyos na knigu unaweza kuyapanga kwa njia zote sita na sarufi isivunjike, lakini kila mpangilio una swali lake. Malchik prinyos knigu hujibu "Mvulana kaleta nini?" Knigu prinyos malchik hujibu "Kitabu kaleta nani?" Mwanaisimu Vilém Mathesius na wenzake wa Prague waliieleza kanuni yake kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na sarufi za Kirusi zikaipokea: kinachojulikana hutangulia, kipya hukaa mwisho, pale ambapo mkazo wa sentensi huangukia.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushawishiwa sana hapa. "Msichana aliingia chumbani" na "Chumbani mliingia msichana" tunajua si kitu kimoja. Ya pili humleta msichana ambaye msikilizaji hakuwa naye kichwani. Kirusi hufanya hivyohivyo: Devochka voshla v komnatu, V komnatu voshla devochka. Tunapoachana ni kwenye paka na mbwa. Tukitaka kuanza na mtendwa, sisi hugeuza kitenzi: anafukuzwa, kimeletwa, alipewa. Kirusi cha mazungumzo hakina hamu na kauli ya kutendwa, kwa hiyo kazi hiyo hupewa mpangilio. "Bibi alipewa maua" itakuwa Babushke podarili tsvety: bibi mbele akiwa na mwisho wa mpokeaji, kitenzi cha wingi kisichotaja mtenda, maua nyuma. Mtoto asiyeanza sentensi na mtendwa amekosa kile ambacho Kirusi hukitumia kila mahali ambapo wewe unatumia -w-. Hilo ni pengo la kufanyiwa kazi, si suala la urembo wa lugha.

Kuna sehemu nyingine ambazo masikio ya bibi yatazikamata, na ni vizuri uzijue kabla hujaanza kupima.

Vitenzi vya kutokea, kufika, kuanza na kuharibika hupenda mtenda akae nyuma pale habari yote inapokuwa mpya: Poshyol dozhd (mvua imeanza), Prishlo pismo (imekuja barua), U nas slomalas mashina (gari letu limeharibika). Ukisema Dozhd poshyol na mkazo ukauweka kwenye kitenzi, Mrusi anasikia kwamba mnaizungumzia mvua iliyokuwa ikingojewa. Hapa ndipo mtu aliyekulia ugenini hutambulika hata kama hakosei mwisho hata mmoja. Watoto hutamka mtenda kwanza kwa sababu ndivyo wanavyofanya katika sentensi nyingine zote.

Kiwakilishi cha mtendwa hupenda kukaa kabla ya kitenzi: Ya yego videl (nilimwona), Ya tebya lyublyu (nakupenda). Ukikiweka nyuma hujakosea, ila unakitilia uzito au unasikika kama mtunga mashairi. Kwa mtoto mwenye Kiswahili hili ni jepesi, maana katika "nilimwona" na "nakupenda" kiambishi cha mtendwa hutangulia mzizi. Kielezi cha namna nacho hutangulia kitenzi: On khorosho govorit po-russki (anaongea Kirusi vizuri). Ukisikia On govorit khorosho po-russki, hapo chini kuna Er spricht gut Russisch ya Kijerumani.

Na kuna moja dogo ninalolipenda kwa kupima vijana wakubwa: cherez pyat minut ni baada ya dakika tano, minut cherez pyat ni baada ya dakika kama tano. Hakuna neno lililoongezwa, hakuna mwisho uliobadilika. Kijana ambaye kila mara anatafuta neno la "takriban" na hageuzi kamwe, huyo Kirusi chake kimejengwa kwa maneno zaidi kuliko kwa nafasi.

Sasa utafiti. Watoto kama binti yako huitwa wasemaji wa lugha ya urithi: lugha imeanza nyumbani tangu uchanga, kisha lugha ya shule na mtaa ikaipita nguvu. Kirusi kimechunguzwa sana kwa upande huu, kwa sababu waliotoka Umoja wa Kisovyeti na nchi zilizoufuata walijaa Marekani, Israel na huko huko Ujerumani. Mwanaisimu Maria Polinsky, aliyeanza kuandika juu ya Kirusi cha Marekani miaka ya 1990, alionyesha kwamba kwa wasemaji dhaifu padezhi sita hupungua hadi kubaki karibu mbili, na umbo la msingi huvamia hata nafasi ya mtendwa. Miisho ikishapotea, nafasi ndiyo pekee inayobaki kumwambia msikilizaji nani kamfanya nani, kwa hiyo mpangilio lazima ugande. Ndiyo maana nasema mtoto hafundishwi mpangilio kabla ya miisho. Polinsky aliona pia kwamba sarufi huenda sambamba na msamiati: anayekosa maneno mengi ya msingi kwa kawaida ndiye anayekosa mengi ya sarufi. Kwa hiyo kabla ya lolote, jua kama binti anayajua majina ya wanyama, viungo vya mwili na vyombo vya nyumbani bila kuchomeka Kijerumani. Kama hayajui, anzeni hapo.

Uchunguzi wake wa mwaka 2011 ndio ambao ningependa mzazi aukumbuke. Alipima vishazi rejeshi vya aina mbili: "mbwa anayemfukuza paka" na "mbwa ambaye paka anamfukuza". Watoto wa urithi wa miaka kama sita walizielewa aina zote mbili sawa na wenzao wasio na lugha nyingine. Watu wazima wa urithi walianguka kwenye aina ya pili. Maana yake ni kwamba kilichokuwepo utotoni kinaweza kuondoka. Miaka 9 si mwisho wa mbio, hatari kubwa ni kati ya 10 na 18, pale mtoto anapoacha kusomewa na Kirusi kinabaki cha "njoo ule" na "umevaa kofia?"

Kuhusu mpangilio wenyewe, Oksana Laleko na Irina Dubinina wamefanya kazi na wasemaji wa urithi wa Marekani, hasa juu ya mtenda anayekaa nyuma ya kitenzi. Mwaka 2021 kikundi cha Yulia Zuban kilichapisha ulinganisho wa wasemaji wa Kirusi cha urithi wa Ujerumani na wa Marekani, kikaona kwamba mambo mawili yanaleta tofauti: aina ya kishazi, kikuu au tegemezi, na lugha kubwa inayomzunguka msemaji. Njia ya kukusanya maongezi iliyotumiwa na mradi wao ni nzuri hata kwa nyumbani: mtu anaonyeshwa video fupi ya ajali ndogo ya gari, kisha anaisimulia kwa rafiki na kwa polisi, kwa mdomo na kwa maandishi. Tukio moja, namna nne. Wakubwa zaidi ya miaka 12 huifurahia.

Kwa nini kitu hiki hasa ndicho kinachoyumba? Mwanaisimu Antonella Sorace ametetea kwa muda mrefu hoja kwamba palipo dhaifu kwa wenye lugha mbili ni pale sarufi inapokutana na hali ya mazungumzo, kwa sababu msemaji lazima ahesabu sarufi na akili ya msikilizaji kwa wakati mmoja. Nakubaliana nayo kwa sehemu. Kwa Kirusi cha nyumbani naona sababu za chini zaidi zikianza kufanya kazi kabla ya hiyo.

Ya kwanza ni sauti. Kirusi hufifisha vokali isiyo na mkazo. Katika koshka na koshku mkazo uko mwanzoni, kwa hiyo tofauti nzima ya mtenda na mtendwa imekaa kwenye silabi iliyonyamaza, tena mara nyingi kwenye simu yenye mlio mbaya. Ya pili ni aina ya maongezi. Kirusi cha jikoni ni amri, majibu ya neno moja na viwakilishi. Mtu na kitu ndio hukutana humo, na hakuna anayeweza kudhani kwamba supu imemla mtoto. Sentensi zinazolazimisha kusikiliza miisho ni zile ambazo washiriki wote wawili wangeweza kutenda, na hizo ziko kwenye hadithi na vitabu. Mtoto asiyesoma herufi za Kirusi huzikosa kwa miaka.

Ya tatu inaingia kwenye swali lako la Kijerumani.

Kijerumani kina hatia, lakini si ile unayoidhani. Wazazi wengi huanza na vishazi tegemezi: wakisikia kitenzi mwishoni, Ya znayu, chto on knigu kupil (najua kwamba amenunua kitabu), wanasema "huyo amefikiri kwa Kijerumani". Tahadhari. Kirusi cha mazungumzo chenyewe huweka mtendwa kabla ya kitenzi mara nyingi. Elena Zemskaya na wenzake waliyaeleza hayo mwaka 1973 kutokana na maongezi ya kila siku yaliyorekodiwa. Mkeo mwenyewe akirekodiwa akiwa mezani atatoa sentensi za namna hiyo. Athari ya Kijerumani inasikika waziwazi pale kitenzi kinaporuka mbele ya kiwakilishi baada ya kielezi: Vchera byl ya v kino (jana nilikuwa sinema), kutoka Gestern war ich im Kino. Mrusi atasema Vchera ya byl v kino; ile ya kwanza humkumbusha masimulizi ya kale.

Hatia kubwa iko kwenye mahali pa kutafuta alama. Kijerumani nacho huruhusu mtendwa kutangulia, lakini alama iko kwenye kibainishi (der, die, den), mbele ya nomino: Den Hund jagt die Katze (mbwa anafukuzwa na paka). Tena ni kwa nomino za kiume tu. Die Katze haibadiliki, awe anafukuza au anafukuzwa. Kirusi kimegeuza yote mawili: alama iko nyuma ya nomino, na miongoni mwa nomino zinazoionyesha waziwazi ni zile za kike zenye -a. Kwa hiyo mtoto wa Hamburg anafika kwa koshku akiwa amezoeshwa kwamba paka, kwa kuwa ni wa kike, hana la kusikilizwa. Hata kwa Kijerumani chenyewe jambo hili huchelewa: katika jaribio la Miriam Dittmar na wenzake, lililochapishwa 2008, watoto Wajerumani wa miaka 7 ndio waliotegemea kibainishi kuliko nafasi; wa miaka 4 bado. Binti yako ameshavuka umri huo. Anajua kwamba alama zipo. Mwelekeze tu aitafute upande mwingine.

Kabla ya mazoezi, pima. Andaa sentensi 12, sita za mtenda kwanza na sita za mtendwa kwanza, uzichanganye. Kila moja iwe na picha mbili: paka anafukuza mbwa, mbwa anafukuza paka. Mama asome kwa sauti tambarare, asivute neno lolote. Hesabu zile sita za mtendwa kwanza tu. Akipata 5 au 6, miisho anaisikia na kazi yenu itakuwa kwenye kusema. Akipata kama 3 anabahatisha. Rudia siku nyingine kabla ya kuamua. Akipata 0 au 1, hilo ni jambo la kushukuru kwa namna fulani, kwa sababu ana kanuni thabiti, na kanuni thabiti hubadilishwa kwa urahisi kuliko kubahatisha.

Usiweke kwenye kipimo nomino ambazo umbo la mtendwa halitofautiani na la mtenda: zisizo hai za kiume (avtobus, basi; stol, meza), zisizo na jinsi (solntse, jua), na za kike zinazoandikwa na alama ya ulaini (ь) mwishoni (mat, mama; doch, binti; mysh, panya; loshad, farasi). Mat lyubit doch hata Mrusi mzima huifasiri kwa nafasi, mama akiwa mtenda. Nimeona vipimo vilivyoandaliwa na walimu wazuri vikiharibika kwa sababu ya panya mmoja.

Mazoezi sasa. Dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa wiki, zinatosha. Zaidi ya hapo mtoto ataanza kukimbia.

Anza na sikio, na anza na nomino ambazo mkazo uko kwenye mwisho wenyewe, ili tofauti isikike: lisa/lisu (mbweha), koza/kozu (mbuzi), sova/sovu (bundi), zmeya/zmeyu (nyoka), ovtsa/ovtsu (kondoo). Tumia wanasesere au vipande vya karatasi, na vitenzi vitatu vinavyoonekana: dogonyaet (anafukuza), tolkaet (anasukuma), lovit (anakamata). Mama anasema Lisu lovit koza, mtoto anaigiza. Mbuzi kumkamata mbweha ni kichekesho, na hicho ndicho tunachotaka, kwa sababu mantiki ya dunia haimsaidii na inabidi asikilize. Akikosea, mama asieleze sarufi. Aseme sentensi mbili zikifuatana, Lisa lovit kozu, Lisu lovit koza, aigize zote mbili, basi.

Akishapata tisa kati ya kumi kwa siku mbili tofauti, hamia kwenye miisho isiyo na mkazo: koshka (paka), sobaka (mbwa), belka (kindi), korova (ng'ombe), utka (bata). Hapa alama zitashuka, ni kawaida. Kisha viumbe wa kiume, ambao umbo lao la mtendwa huongeza -a au -ya: volk/volka (mbwa mwitu), kot/kota (paka dume), medved/medvedya (dubu), zayats/zaytsa (sungura). Wengi hujikwaa hapa, kwa kuwa -a ya kota inafanana na -a ya koza, ilhali moja ni ya mtendwa na nyingine ya mtenda. Ipe wiki nzima ya peke yake. Mwishoni kabisa, kama unataka kumpa changamoto: Mysh vidit volk. Neno la kwanza halisemi lolote, la pili ni umbo la msingi, kwa hiyo mbwa mwitu ndiye anayeona. Mtoto anayeipata hii hahitaji tena zoezi la sikio.

Kusema kunafuata, na hapa bibi anahitajika. Picha iwe kwa mtoto, bibi awe kwenye simu bila kuiona. Bibi anauliza: Kto dogonyaet koshku? Kwa swali hilo peke yake mtoto angejibu neno moja, sobaka, na jibu hilo ni Kirusi kizuri. Kumlazimisha "jibu kwa sentensi kamili" ni kumfundisha kuongea kama kitabu cha mazoezi. Badala yake bibi aulize mambo mawili au matatu kwa mpigo: nani anamfukuza paka, na bundi je, nani anamwona? Hapo mtoto anahitaji kuwatenganisha, na mtendwa anakuja mbele mwenyewe: Koshku dogonyaet sobaka, a sovu vidit belka (paka anafukuzwa na mbwa, na bundi anaonwa na kindi). Hiyo a ya kulinganisha ndiyo inayouita mpangilio huu.

Baada ya hapo, hadithi za picha tatu au nne. Kanuni ya kumpa mtoto ni fupi: anayeingia kwenye hadithi kwa mara ya kwanza anaingia nyuma ya kitenzi, akishafahamika anasogea mbele. Ameshaisikia katika Zhili-byli ded da baba (hapo zamani waliishi babu na bibi), mwanzo wa ngano nyingi za Kirusi. Basi: V les prishla lisa. Lisa uvidela sovu. Sovu uvidel i volk. (Mbweha alikuja msituni. Mbweha alimwona bundi. Bundi alionwa pia na mbwa mwitu.) Sentensi tatu, na ya pili na ya tatu zinaanza na kitu kilichoachwa na iliyotangulia. Mtoto akifungua hadithi kwa Devochka voshla v komnatu, mama asimkatize wala asimwambie "si hivyo", maana sarufi iko sawa. Aitikie tu: Aga, v komnatu voshla devochka. I chto ona sdelala? (na alifanya nini?) Mtoto amesikia umbo linalofaa, na hadithi haikusimama.

Kisha kusoma. Hapa sina mbadala wa kukupa. Mtendwa-kwanza na mtenda-nyuma vimejaa kwenye maandishi kuliko kwenye maongezi ya nyumbani, na jicho linaiona -u ambayo sikio liliikosa. Kurasa mbili kwa siku, mama na mtoto kwa zamu, kwenye kitabu kilicho chini kidogo ya umri wake. Akiwa hajajua herufi, mwezi mmoja au miwili ya kuzifundisha ina faida kuliko mwaka wa mazoezi niliyoyataja hapo juu.

Majedwali ya padezhi yaache kabatini. Yalikusaidia wewe kwa sababu ulikuwa mtu mzima uliyeanza bila kitu na unayeweza kushika kanuni kabla ya sauti. Binti anazo sauti tayari, na anatumia miisho mingi kwa usahihi bila kuijua kwa jina. Ukimpa jedwali atajaza nafasi zote vizuri, atapata alama kamili, na kesho yake ataonyesha picha ileile ya paka anayemfukuza mbwa. Kazi yako kwenye Kirusi ni kuuliza, si kuwa mfano. Kigugumizi chako kwenye matamshi hakina madhara ukiwa muulizaji. Akiwa na miaka 12 au 13 na akitaka mwenyewe kujua padezhi zinaitwaje, mfungulie.

Mambo mawili huharibika katikati ya njia. Kwanza, mtoto akishagundua kugeuza, hugeuza kila kitu: Voshla devochka. Sela devochka. Vzyala devochka yabloko (msichana aliingia, akakaa, akachukua tofaa). Bibi atacheka kwamba amekuwa msimulizi wa kale. Hiyo ni dalili njema na hupungua yenyewe mkiendelea kuuliza "tayari tunamjua huyo msichana?" Pili, mtoto hutumia mkazo badala ya nafasi: SOBAKA dogonyaet koshku, kwa sauti kubwa kwenye neno la kwanza, kujibu "nani?" Warusi nao hufanya hivyo kwenye maongezi yenye msisitizo, kwa hiyo usilihesabu kama kosa. Linakuwa tatizo tu kama hiyo ndiyo njia yake pekee, na pia kwenye maandishi, ambako mkazo hauonekani na msomaji anabaki hajui kipya ni kipi.

Kiswahili hakimzidishii mzigo. Alama zake za nani kamfanya nani ziko kwenye kitenzi, kwa hiyo hazishindani na za Kirusi kama vibainishi vya Kijerumani vinavyofanya. Na mtoto anayesema "Kitabu hicho nimeshakisoma" ameshazoea kutanguliza mtendwa kwa sababu ndiye anayezungumziwa. Endelea naye Kiswahili, tena umsimulie ngano.

Mdogo wake wa miaka 4 asipimwe kwa picha hizo. Umri huo nafasi hushinda miisho kwa watoto wengi wanaokua na Kijerumani, na matokeo hayatakuambia kitu. Mama amsomee kila usiku, na dada yake akifanya mazoezi na mbuzi na mbweha, aachwe akae karibu awe ndiye anayeshika wanasesere.

Ukienda kuzungumza na mwalimu wa shule ya Kirusi ya Jumamosi, kama binti anaisoma, usimwambie kwamba "mpangilio wake ni mbaya"; atamfanyia imla. Mpelekee ile karatasi ya sentensi 12 na majibu yake, umwonyeshe sita zipi alikosea.